Kujenga Mwamba ili Upate Wimbi

Novemba 2009 mji wa Bournemouth, kusini mwa Uingereza, ulizindua mbele ya ufukwe wa Boscombe mwamba wa kwanza Ulaya kujengwa mahususi kwa wanaoteleza mawimbini. Mwanzoni mradi ulikadiriwa kugharimu pauni milioni 1.4, hadi mwisho ulikuwa umemeza zaidi ya milioni 3. Haikupita miaka miwili ukafungwa. Wachezaji wa mawimbi wakasema fedha zimetupwa baharini. Waliousimamia nao wakasema mwamba umeurudishia mtaa wa Boscombe jina na umeleta wageni. Miaka kumi baada ya uzinduzi ule, mji wa Gold Coast nchini Australia ukazamisha tani 60,000 za mawe mbele ya ufukwe wa Palm Beach, na safari hii wenye mbao wakawa wa kwanza kusifu.

Kwa hiyo anayefuatilia habari hizi huambiwa leo kwamba miamba ya kutengeneza ni ndoto iliyokufa, kesho kwamba ndiyo mkombozi wa fukwe. Kauli zote mbili zina ushahidi. Zinagongana kwa sababu mwamba mmoja hupewa kazi tatu kwa mpigo: kutoa wimbi la mchezo, kuzuia ufukwe usiliwe na bahari, na kuvutia wageni. Kila upande hupima kazi yake na kutangaza matokeo kana kwamba nyingine hazikuwapo.

Kazi halisi ya mwamba

Mwamba hautengenezi wimbi. Wimbi hutengenezwa na upepo, mara nyingi maelfu ya kilomita kutoka pwani linakoishia. Mwamba hulipokea tu na kuliamulia mahali na namna ya kuvunjika. Ukilisahau hilo, kila kinachofuata kitakuchanganya.

Kanuni ya msingi ni rahisi: wimbi huvunjika kina cha maji kinapokaribia mara 1.3 ya kimo chake. Wimbi la mita moja na nusu litavunjika penye kina cha mita mbili hivi. Ufukwe ulionyooka, wenye mchanga uliolala sawasawa, hulifanya livunjike lote kwa wakati mmoja. Ukuta mzima huanguka na mwenye ubao hana pa kukimbilia. Anachotaka yeye ni wimbi lianze kuvunjika sehemu moja, kisha povu litembee kando kidogo kidogo huku akilitangulia. Ndiyo maana miamba mingi ya aina hii husanifiwa kwa umbo la V, ncha ikielekea bahari kuu: wimbi huanguka kwanza nchani, halafu hufunguka kushoto na kulia. Pembe ikikosewa upande mmoja, povu humshinda mbio hata bingwa. Ikikosewa upande wa pili, wimbi huzubaa na mchezo ukapoa.

Hayo yote yanahesabika. Tatizo ni kwamba bahari haileti mawimbi ya aina moja. Mawimbi yanayopishana kwa sekunde 12 yana urefu wa mita 225 hivi kutoka mgongo hadi mgongo kwenye maji ya kina kirefu, na huanza kuihisi sakafu ya bahari penye kina cha zaidi ya mita 100. Yanapofika karibu na pwani yamekwisha kupinda na kujipanga kitambo. Mawimbi ya upepo wa karibu, ya sekunde 6, yana urefu wa mita 56 tu. Hufika yakiwa mafupi na yamevurugika, na mwamba mdogo haupati nafasi ya kuyarekebisha.

Hapo ndipo suala la ukubwa linapoingia. Miamba ya asili inayosifika kwa mawimbi ina miteremko mirefu na mabega chini ya maji, yanayokusanya nguvu ya wimbi kabla halijafika mahali pa kuvunjika. Mwamba wa kujengwa mara nyingi ni ile sehemu ya mwisho peke yake, kwa kuwa bajeti iliishia hapo.

Robo karne ya majaribio

Jaribio la kwanza lililokamilika ndilo lililokuwa na kiburi kidogo kuliko yote. Mwaka 1999 mjini Perth, Australia Magharibi, ulijengwa mwamba unaojulikana kama Cables, wa mawe yapatayo tani 10,000. Pwani ile imekingwa na kisiwa cha Rottnest pamoja na miamba ya nje, hivyo mawimbi makubwa hayafiki kwa wingi, na usanifu uliofanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Australia ulilizingatia hilo tangu mwanzo. Tofauti ya maji kupwa na kujaa pale haifiki mita moja. Kina juu ya mwamba hakibadiliki sana. Hakuna anayepanda ndege kutoka ng’ambo kwenda kutafuta wimbi la Cables. Lakini mwamba bado upo mahali pake, na bahari ikikubali, unafanya kazi.

Kisa cha El Segundo, karibu na Los Angeles, kinastahili kuangaliwa zaidi, maana kilianza kama suala la haki. Miaka ya 1980 kampuni ya mafuta ya Chevron ilijenga ukuta wa mawe unaoingia baharini ili kulinda mabomba yake. Wachezaji wa mawimbi wakalalamika kwamba mchanga umehama na mawimbi yao yameharibika, na Tume ya Pwani ya California ikakubali kwamba waliopoteza wimbi wamepoteza kitu cha thamani na wanapaswa kulipwa. Kisheria hiyo ilikuwa hatua kubwa. Kihandisi ikawa aibu. Dola 300,000 zilizotolewa ndizo zilizoamua ukubwa wa mwamba. Mawimbi ya pale hayakuulizwa yanahitaji nini. Mwaka 2000 na 2001 ikazamishwa mifuko ya mchanga ipatayo 200, mwamba ukapewa jina la Tom Pratte, mmoja wa waasisi wa Surfrider Foundation. Karibu mawimbi yote yakapita juu yake bila kuujali. Mifuko ikapasuka, na kufikia 2010 ilikuwa imeondolewa kwa gharama nyingine.

Mount Maunganui, New Zealand, ujenzi wa mifuko ulianza 2005 na kugharimu zaidi ya dola milioni 1.5 za nchi hiyo. Badala ya wimbi la kudumu likaja shimo lililochimbwa na maji pembeni mwa mwamba, pamoja na mikondo iliyotishia waogeleaji. Mwaka 2014 mamlaka ya mkoa ikaamua mifuko iondolewe.

Boscombe nayo ilikuwa na mifuko 55 mikubwa, umbali wa mita 225 hivi kutoka ufukweni. Ghuba ile haielekei Atlantiki moja kwa moja. Hutegemea zaidi mawimbi mafupi ya mfereji wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Chuo Kikuu cha Plymouth kilipopima, kilikuta mwamba umetimiza malengo manne tu kati ya kumi na moja. Wimbi lilipatikana, ila lilikuwa fupi na kali, likiwafaa zaidi wanaolalia mbao fupi kuliko wanaosimama. Mwaka 2011 mifuko ikakutwa imeharibika, na rafadha ya chombo ikatajwa kuwa chanzo. Mwaka uliofuata kampuni ya New Zealand iliyousanifu, ASR, ikafilisika, na halmashauri ikabaki na mwamba usio na fundi. Baadaye eneo hilo likageuzwa kuwa mahali pa kupiga mbizi na kuangalia viumbe wa baharini. Hata hivyo, mwamba ulikuwa sehemu ya mpango mpana wa kuufufua ufukwe wa Boscombe, na fedha zake zilitokana na kuuzwa kwa eneo la maegesho ya magari. Kwa mizania ya mtaa mzima, madai ya faida si uongo mtupu. Ila kama gati lilikarabatiwa, majengo mapya yakasimama na waandishi wa habari wakamiminika, ni vigumu kujua mifuko ile ilichangia nini zaidi ya vichwa vya habari.

Kampuni hiyohiyo ilijenga Kovalam, katika jimbo la Kerala nchini India, mwaka 2010. Lengo kuu pale lilikuwa kukinga ufukwe. Masika ya India, ambayo huvuma msimu mmoja na kusi yetu, yalikuja na mawimbi yake mazito, na mifuko haikuchukua muda kuharibika.

Mifuko au mawe

Ukiipanga miradi hiyo kwa vifaa vilivyotumika, kitu kimoja kinajitokeza bila kutafutwa. Mifuko ya kitambaa kizito cha plastiki, iliyojazwa mchanga, ilipendwa kwa sababu za kueleweka: haiumizi sana anayeangukia juu yake, inaweza kuchanwa na kuondolewa, na kwenye karatasi ni rahisi. Baharini hukutana na nanga, rafadha, ndoano na jua. Mfuko mmoja ukipasuka, mchanga humwagika na umbo lililohesabiwa kwa sentimita hubaki na pengo. Pia si rahisi kuweka mfuko wa tani mamia mahali pake hasa wakati mawimbi yanalisukuma tishari huku na huku; na mahali penye mawimbi mazuri ndipo penye siku chache za utulivu za kufanyia kazi.

Mwamba wa mifuko uliodumu ni Narrowneck, Gold Coast, uliokamilika 2000 kwa mifuko zaidi ya 400, mingi ikiwa na uzito wa tani 150 hadi 300. Umedumu kwa sababu mji umeutunza: mifuko iliyoharibika hubadilishwa, na mwaka 2017 na 2018 ulifanyiwa ukarabati mkubwa. Tena Narrowneck haukuwa mradi wa michezo. Vimbunga vya 1967 viliwafundisha watu wa Gold Coast jinsi ufukwe unavyoweza kutoweka, na pale Narrowneck ardhi kati ya bahari na mto Nerang ni ukanda mwembamba sana. Mwamba uliwekwa kushikilia mchanga wa zaidi ya mita za ujazo milioni moja uliomwagwa ufukweni. Wimbi la mchezo lilikuwa nyongeza, na kama nyongeza limekuwa la kubahatisha.

Palm Beach ilichukua somo hilo ikaliendeleza. Mawe badala ya mifuko, ukubwa wa kutosha, umbali wa mita 270 hivi kutoka pwani, na mawimbi marefu ya Pasifiki yanayoingia moja kwa moja. Mradi wote wa kuukinga ufukwe huo uligharimu dola za Australia milioni 18.2. Linganisha na dola 300,000 za El Segundo. Jibu la nusu ya malumbano liko hapo.

Wanaotaka na wasiotaka

Watetezi wa miamba ya michezo wana hoja mbili zenye uzito. Ya kwanza ni msongamano: watu wenye mbao wanaongezeka, mawimbi hayaongezeki, na ugomvi wa nani mwenye zamu umekuwa jambo la kila siku kwenye fukwe maarufu. Ya pili ni kwamba binadamu tayari anabadilisha mawimbi bila kukusudia, basi kwa nini asikusudie? Bandari ya Dana Point, California, ilizika wimbi maarufu miaka ya 1960. Kwa upande mwingine, mpakani mwa Queensland na New South Wales, mtambo wa kusukuma mchanga kuvuka mdomo wa mto Tweed, ulioanza kazi 2001 kwa ajili ya vyombo vya majini, ulizaa tuta refu la mchanga linaloitwa Superbank, moja ya mawimbi marefu kuliko yote Australia. Mchanga uleule ukaifukia Kirra ya jirani, ambayo wengi waliihesabu kuwa bora zaidi. Mfano huo hutajwa na pande zote mbili, kila mmoja akisimulia nusu yake.

Wanaopinga wanasema fedha za umma hazipaswi kununua burudani ya kikundi kidogo, na rekodi ya miradi ya mwanzo inawaunga mkono. Udhaifu wao ni kuhukumu mawe ya Palm Beach kwa makosa ya mifuko ya Boscombe.

Kundi la tatu linasema linda kwanza ulichonacho. Peru ilipitisha sheria ya kulinda mawimbi yake mwaka 2000 na kanuni zake 2013, nchi ya kwanza kufanya hivyo. Wimbi likisajiliwa, anayetaka kujenga kitu cha kuliharibu ana kesi ya kujibu. Mundaka, katika nchi ya Wabaski, kuchimbuliwa kwa mchanga wa mlango wa mto mwaka 2003 kulilififisha wimbi mashuhuri hata mashindano ya dunia ya 2005 yakafutwa. Lilirudi mchanga ulipojipanga upya, bila mwamba wowote. Hii ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote. Ila haimsaidii mtu ambaye pwani yake haina wimbi la kulindwa.

Kisha wapo waliochoka kuibembeleza bahari. Mwaka 2015 Kelly Slater, bingwa wa dunia mara 11, alionyesha bwawa lake la Lemoore, California, mbali kabisa na bahari, lenye wimbi linalofanana kila mara. Teknolojia hiyo imefika kisiwa cha Hudayriyat, Abu Dhabi, ambako bwawa lilifunguliwa 2024. Bwawa linatimiza ahadi yake kwa uhakika ambao hakuna mwamba utakaoufikia. Bei yake ni umeme, maji, na tiketi ambayo kijana wa kawaida hawezi kuinunua kila wiki, wakati bahari ni bure.

Upepo ni kesi nyingine

Wanaotumia ubao wa tanga huunganishwa na wenzao kwenye mijadala hii, ingawa mahitaji yao yanapishana. Anayeteleza kwa ubao mtupu huomba upepo mwanana unaotoka nchi kavu, unaolisimamisha wimbi na kulilainisha. Mwenye tanga anataka upepo mkali unaopita sambamba na ufukwe. Upepo wa nchi kavu unaweza kumpeleka asikorudi. Halafu wapo wasiotaka wimbi kabisa, wanaofanya michezo ya kuzunguka na kuruka penye maji tulivu. Huyu anahitaji mwamba wa kuliua wimbi mbali, mwenzake anahitaji wa kulipandisha karibu. Tena ubao wa tanga una kisu kirefu chini yake, na mwamba ulio na kina kifupi kinachotosha kuvunja wimbi unatosha pia kukikwanyua. Mradi unaoahidi kuwaridhisha wote kwa mwamba mmoja unahitaji kutiliwa shaka kabla haujasomwa ukurasa wa pili.

Pwani ya Afrika Mashariki

Kwetu maumbile yamekwisha kuifanya kazi hiyo kwa upande wa upepo. Paje na Jambiani, mashariki mwa Unguja, mwamba wa matumbawe huvunja mawimbi mbali na ufukwe, ndani kukabaki maji mapana ya kiasi ambamo kaskazi na kusi huwapa wenye tanga na kaiti misimu miwili kwa mwaka. Anayetaka mawimbi hutoka hadi mwambani; anayetaka utulivu hubaki ndani, na akina mama wanaolima mwani wako humohumo. Mvutano wa huko ni wa nafasi, nani apite wapi bila kukata kamba za mwani, na jiwe moja zaidi halitautatua.

Kwa wachezaji wasiotumia tanga, mambo mawili yanawakwaza. Madagaska inaikinga sehemu kubwa ya pwani ya Tanzania dhidi ya mawimbi marefu ya kusini, hivyo mengi yanayofika ni mawimbi mafupi ya upepo. La pili ni kupwa na kujaa. Bamvua kubwa ya Mombasa au Unguja hupandisha maji karibu mita 4. Mwamba ambao kilele chake kiko mita moja chini ya maji yaliyokupwa utakuwa mita 5 chini yakijaa. Wimbi la mita moja na nusu litavunjika juu yake saa za kupwa tu, kisha litapita kimya hadi maji yatoke tena. Wakati wa maji mafu hali ni afadhali kidogo. Perth haina shida hiyo, na michoro ya Perth haiwezi kuhamishwa ikaletwa huku kama ilivyo.

Kukinga ufukwe ni suala zito zaidi. Uchambuzi uliochapishwa 2014, uliokusanya vipimo vya sehemu nyingi duniani, ulionyesha kwamba miamba ya matumbawe hupunguza kwa wastani asilimia 97 ya nguvu ya mawimbi. Baruti za wavuvi, uchimbaji wa matumbawe kwa ajili ya chokaa, na joto la bahari lililopausha matumbawe 1998 na 2016 vimeukata ukuta huo vipande vipande. Huko Shimoni, kusini mwa Kenya, inazamishwa miundo ya kupandikizia matumbawe, lakini hiyo ni ya viumbe na samaki. Ni midogo mno kulibadilisha wimbi. Na Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, ambako bahari imekula majengo ya hoteli tangu miaka ya nyuma, sehemu ya chanzo ni mchanga uliochimbwa kwenye vijito vinavyolisha ufukwe. Mwamba haurudishi mchanga uliopakiwa kwenye malori.

Mizani

Kwa ushahidi uliopo, mwamba uliojengwa kwa wimbi la mchezo peke yake haujajilipa, Cables ikiwa ndiyo ya kuonewa huruma kwa kuwa iliahidi kidogo na ikakitimiza. Mwamba wa kukinga ufukwe, uliosanifiwa pia kwa wimbi, unaweza kujilipa palipo na masharti haya pamoja: mawimbi marefu yanayofika mara kwa mara, tofauti ndogo ya maji, mawe badala ya mifuko, na mji wenye kodi za kuutunza. Gold Coast inayo yote manne. Bournemouth ilikosa matatu, nami naona hata mifuko ingesalimika, ghuba ile isingetoa wimbi lililoahidiwa kwenye mabango. Kwa pwani yetu, shilingi ya kwanza iende kwenye matumbawe yaliyobaki na kwenye kuzuia uchimbaji wa mchanga. Wenye tanga wa Paje watanufaika nayo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Atakayeendelea kushawishi mwamba mpya, popote pale, aanze na vipimo vya mawimbi vya misimu yote, kisha aoneshe kwenye mkataba jina la atakayeuondoa ukishindwa na fungu la fedha lililotengwa kwa kazi hiyo. El Segundo na Mount Maunganui bili ya kuondoa mifuko ilikuja baadaye, na Boscombe mkandarasi alikuwa amefilisika kabla bili haijaandikwa.